Mgeni wa Bafuni kwa Bi. Zuhura

Kwenye matanga ya Bi. Zuhura, kule Temeke, nilikuwa nimekaa mkekani na wazee wenzangu nikijitahidi kufanana nao, ndipo bibi mmoja mnene, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, aliposimama mlangoni akanikazia macho. Akawageukia wajukuu zake na kuwaambia kwa sauti ambayo marehemu mwenyewe, huko alikolazwa, asingeikosa: "Mnamwona mzee yule mwenye miwani? Ndiye aliyetaka kunivua kikuba siku ya harusi yangu, na mume wangu yupo hapo nje, kakaa chini ya turubai." Mzee aliyekuwa kulia kwangu akakusanya kanzu yake, akasogea upande. Aliyekuwa kushoto akasogea karibu zaidi, maana watu hawafanani. Nikasema, "Hujambo, Mwajuma?" Akajibu, "Mie sijambo, mwizi wa maua. Umekula? Wali upo. Ila kalie huko huko, wanawake tuache." Nilijaribu kuwaeleza wazee wale kisa chenyewe hapo hapo mkekani, nikakieleza vibaya, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu wa mambo mabaya. Kwa hiyo nimeona nikiandike. Habari za kwetu, za baba na mama na ukoo, nitaziruka; hazihusiani na ule mmea, na watu wa kwetu wenyewe hawajapata kuniuliza habari za mmea wowote usioliwa.

Ulikuwa mwaka wa unga wa yanga, ule wa njano uliotufanya tule ugali wenye rangi ya sherehe bila sherehe yoyote. Taifa zima lilikuwa linahamia vijijini, na mimi, niliyetoka chuo kikuu na shahada ya elimu ya mimea, nilikuwa nimehamia chumba kimoja Temeke. Nilikuwa msaidizi wa Dakta Lwiza, mtu mwembamba aliyesoma Ulaya miaka mingi na kurudi na tabia mbili: kuvaa kaptura hata kwenye mikutano, na kuzungumza na mimea kwa upole, na watu kwa ukali. Kazi yangu ilikuwa ya majaribio. Wizara ilikwisha kusema kwamba nisipoonyesha faida nitapelekwa kusini nikahesabu mikorosho ya vijiji vipya, na mimi sikuwa na ugomvi na mikorosho, ila nilijua kwamba mtu akianza kuihesabu huwa hamalizi.

Nyumba ya Bi. Zuhura ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zote: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko, choo na bafu. Kuta za vyumba hazikufika kwenye paa, kwa hiyo tulipanga vyumba mbalimbali lakini mazungumzo tulikuwa nayo kwa shirika, na huo ndio ujamaa pekee niliopata kuuona ukifanya kazi bila mkutano. Nilijua kwamba Mnali, mchonga vinyago wa chumba cha mbele, aliota akizungumza na mamba. Yeye alijua mada za mihadhara yangu, maana nilikuwa nikijisomea kwa sauti, na siku nyingine alinisahihisha kutoka chumbani kwake: "Jana ulisema mizizi ndiyo inayopumua, leo unasema majani. Chagua moja, bwana." Bi. Zuhura alikuwa mwenye nyumba, na pia balozi wetu wa nyumba kumi, kwa hiyo ukichelewesha kodi ulikuwa umekosana na mama na serikali kwa pamoja. Bintiye Mwajuma alikuwa amechumbiwa. Kwa kuwa alikuwa mwali anayesubiri harusi, hakuruhusiwa kuonekana ovyo na wanaume. Mimi nilimfahamu zaidi kwa kicheko chake juu ya ukuta kila nilipokosea Kiswahili cha pwani.

Ule mmea niliugundua kwa makalio. Watu wanapenda kusikia kwamba mgunduzi alikuwa na jicho kali. Mimi nilikuwa na viatu vibovu. Tulikuwa juu kabisa kwenye msitu wa Uluguru, ambako ukungu hauji wala hauondoki, unakaa tu kama jamaa wa mbali. Kila kitu kilikuwa kinadondosha maji: majani, kuvu, pua ya Dakta. Miti imevaa kuvumwani, ule ukijani laini kama zulia, mpaka matawini, na chini huoni ardhi, unaona mizizi iliyoshikana kama watu wanaogombea ndoo. Nilikanyaga jiwe lililokuwa linangoja kukanyagwa, nikateremka bonde kwa mgongo, nikatua kwenye mwamba ulioloa kando ya kijito. Nikataka kuinuka. "Usinyanyuke!" akapiga kelele Dakta kutoka juu. Nikadhani ameona nyoka. Alishuka kwa magoti, akaja akanisukuma pembeni kama mtu anavyosogeza mto wa kiti, akainamia mahali nilipokuwa nimekaa. Palikuwa na vimea viwili vyenye majani ya manyoya, mekundu kwa chini. Kimoja nilikuwa nimekwisha kukibana vizuri kuliko mashine yoyote ya kukaushia mimea. Cha pili kilikuwa kizima, na kina tumba moja. Dakta alikipekua kwa kioo chake cha kukuzia, kisha akasema kwa ile sauti aliyoitunzia mimea tu: "Wewe sikujui." Tulitafuta mpaka magoti yakatushinda na hatukuona kingine.

Msomaji asiyejali mimea anivumilie kidogo. Mmea bila ua ni kama mtu anayebisha hodi usiku: unajua kuna mtu, hujui ni nani. Majani ya jamaa zake yanafanana; ua ndilo uso. Dakta alikuwa anajiandaa kwenda Ulaya na mimea yake iliyokaushwa, akailinganishe na iliyowekwa huko. Akienda na majani matupu, wangeyatia kwenye sanduku la visivyojulikana na yangekaa humo mpaka Kiyama. Akienda na ua, mmea ungepewa jina, na mimi nisingekwenda kwenye mikorosho. Kwa hiyo tulikichimba kile kizima pamoja na kipande cha mwamba wake, tukakiteremsha Dar es Salaam kikiwa kimekaa mapajani mwangu, na jiji likakipokea kwa joto lake. Ofisini kwa Dakta kilinyauka asubuhi moja tu. Chuoni palikuwa na nyumba ya vioo iliyojengwa kwa msaada wa watu wa nchi za baridi, waliodhani shida ya mimea ya Dar es Salaam ni ukosefu wa joto. Dakta akaniuliza kwa kukata tamaa: "Unapajua mahali popote mjini hapa penye giza kidogo, baridi, na pasipokauka kamwe?" Nikajibu bila kufikiri: "Bafuni kwetu."

Bi. Zuhura alinikuta mlangoni nikiwa na chungu cha ule mmea mikononi. Alisimama kama balozi, si kama mama. "Mgeni akilala katika nyumba zangu lazima nijue habari zake. Nani huyu?"

"Mmea, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Jina lake?"

"Bado hana jina."

"Katoka wapi?"

"Uluguru."

"Mluguru asiye na jina," akasema, akalifunua jani moja na kulichungulia chini kama anayetazama meno ya mbuzi. "Haya, apite. Lakini kodi ya maji utamlipia wewe." Tangu siku hiyo nyumba nzima ikamwita Mgeni.

Maisha na Mgeni yalikuwa na taratibu zake. Dakta aliamuru kwamba sabuni isimrukie na maji ya moto yasimkaribie, kwa hiyo watu wazima walioga wakiwa wamejibana kona moja kama wezi. Mnali alikataa katakata kuoga mbele yake. "Ana tumba linalonielekea," alisema. "Mie kwetu kusini nimeona mambo. Kitu kinachotaka kufumbua macho, sikivulii nguo." Kabla ya kuoga alikigeuza chungu kitazame ukuta, na mimi nikija nakigeuza tena kwenye mwanga wa kitundu cha ukutani, na kwa ajili hiyo Mgeni alianza kuota amejipinda, jambo ambalo Dakta aliliandikia ukurasa mzima. Jioni tukila mihogo ya nazi uani, mazungumzo yote yalikuwa habari zake. Kaamkaje? Kanywa? Na mimi, ambaye sikuwa na cha kujivunia katika nyumba ile, hata kanzu, nilijivunia yeye. Niliwaambia kwamba tumba lile likichanua litakuwa ua ambalo jicho la mwanadamu halijapata kuliona tangu kuumbwa kwa dunia. Nilisema halina mfano. Nilisema lina thamani kuliko dhahabu. Nikiyakumbuka maneno yale leo natamani kujipenyeza kwenye kumbukumbu nijizibe mdomo kwa kipande cha muhogo.

Kwa maana harusi ya Mwajuma ilikuwa inakaribia, na katika nyumba kama ile mpangaji si mtazamaji wa shughuli. Kila mmoja alikuwa na chake. Mnali alichonga mbuzi ya kukunia nazi yenye kichwa cha mbuzi kweli, na ndevu. Jioni moja Bi. Zuhura akanigeukia: "Na wewe Msomi, utatuletea nini kwenye shughuli yetu?" Siku hiyo jani moja la Mgeni lilikuwa limeanguka na akili yangu yote ilikuwa bafuni. Nikamjibu, "Subiri lichanue kwanza, Mama." Nilitaka kusema aniache nipumue. Yeye alinitazama kwa muda, macho yakamlegea, akasema polepole, "Kumbe! Mungu akubariki, mwanangu." Niliona ni jibu la ajabu kidogo, nikaendelea kula.

Lilichanua asubuhi ya siku ya harusi, nikiwa na sabuni mguu mmoja. Ua dogo, jeupe, lenye koo la zambarau, limeinamisha uso kama linaona haya kwa ajili yangu. Nilijifunga taulo nikatoka uani, ambako wanawake walikuwa wanamenya vitunguu saumu vya pilau, nikapiga kelele: "Limechanua!" Vigelegele vilivyopigwa viliwatoa majirani nje. "Alhamdulillahi!" alisema Bi. Zuhura. "Leo leo! Halikukosea siku!" Nilisimama pale na taulo langu nikiwaza kwamba watu wa nchi hii wanaipenda sayansi kuliko wanavyosingiziwa. Nikavaa, nikakimbilia basi kwenda kumwita Dakta.

Tuliporudi kwa pikipiki yake, mimi nikiwa nimekumbatia mashine ya kukaushia, turubai lilikuwa limekwisha kujaa wanaume na ndani kumejaa wanawake na moshi wa udi. Tukapenya hadi bafuni. Mgeni alikuwepo. Ua halikuwepo. Kikonyo kilikuwa kimekatwa kwa wembe, vizuri, na mtu aliyejua kazi. Dakta alipiga magoti kwenye maji machafu, akakishika kile kikonyo kwa vidole viwili. "Nani?" alisema. "Nani?"

"Lipo, msiwe na wasiwasi," alisema Bi. Zuhura nyuma yetu, uso umemng'aa kwa furaha. "Lipo kifuani kwa mwali. Maua ya vilua mwaka huu yamekuwa shida, nikasema kikuba cha mwanangu kitapwaya. Kumbe Mungu kanitilia mpangaji anayemlelea ua siku zote hizi! Nimewaambia wageni wote: hili katoa Msomi, halijapata kuonekana duniani."

"Mama," nikasema, "lilitakiwa lionwe na wataalamu."

"Si ulisema halijapata kuonekana? Basi leo limeonekana, tena na watu wa Temeke nzima. Unataka nini zaidi?"

Kwa wasiojua: kikuba ni kifungu cha maua, asumini, mlangilangi, mkadi na rehani, kilichotungwa na kutiwa marashi, ambacho mwanamke hukibana kifuani au nyweleni. Hutungwa na wanawake, hunuswa na mume. Nilipoomba kirudi kidogo tu, Bi. Zuhura aliacha kung'aa. Alichokwisha kuvikwa bi harusi, alisema, hakivuliwi na mwanamume ila mumewe. Tena zawadi iliyokwisha tangazwa ikirudishwa, wageni watauliza sababu, na sababu watakayoipata wenyewe haitakuwa habari za mimea. Hapo ndipo nilipouona ukubwa wa shimo. Dakta hakuuona. Dakta aliuliza: "Mumewe yuko wapi?" na kabla sijamkamata alikwisha kufika chini ya turubai.

Bwana harusi aliitwa Saidi, mpakia mizigo bandarini, mwenye mabega yaliyojaza viti viwili. Dakta akampa mkono. "Hongera sana. Nina ombi dogo. Utakapoingia kwa mkeo, kifuani pake utaona ua jeupe. Usilikandamize. Litoe taratibu, lisichanike, unipe mimi."

Wanaume chini ya turubai wakageuza vichwa. Saidi akauliza kwa upole wa kutisha, "Wewe umelionaje, bwana?"

"Mimi sijaliona. Huyu ndiye aliyeliona asubuhi, akiwa anaoga."

Namshukuru Mnali mpaka leo. Alijitupa katikati yetu akiwa na ile mbuzi yake mkononi, akaeleza habari za bafu, chungu, na tumba lililomtazama, kwa namna iliyowafanya wanaume wacheke kabla hawajaamua kutupiga. Saidi hakucheka, lakini alisema tukaulize mlangoni. Kama mkewe mwenyewe anaridhia, na somo wake, kungwi aliyemfunda, akalitoa kwa mikono yake, yeye hana neno.

Mlangoni kwa chumba cha wanawake alikaa Bi. Mize, somo wa Mwajuma, bibi mdogo kama kikapu, ambaye hakuna aliyepata kumpita bila ruhusa. Bi harusi hazungumzi siku yake. Hunong'ona, na somo ndiye husema. Tukasimama nje ya pazia, Dakta akaeleza shida yetu, kwa kirefu, na stameni zote za ua. Ndani pakawa na mnong'ono, na kile kicheko nilichokijua.

"Mwali anasema," akatangaza Bi. Mize, "kwenye mlango huu mwanamume hapati kitu bure. Anayetaka ua acheze."

"Acheze nini?" akauliza Dakta.

Wakaanza kupiga masinia. Sijui Ulaya walimfundisha nini, lakini Dakta Lwiza alicheza. Alicheza na kaptura yake, kioo cha kukuzia kikimrukaruka shingoni, uso mkali vile vile kama anasahihisha mtihani, na kiuno ambacho hakikuwa na habari na uso. Vigelegele vikatikisa bati. "Na msaidizi wake!" wakadai. Nikacheza kama mtu anayetafuta kiatu chake kwa mguu chini ya kitanda. Wakaniomba niache.

Pazia likatikisika. "Mwali anauliza: mkilipata mtalifanya nini?"

"Tutalipa jina," akasema Dakta, akihema.

"Jina la nani?"

Dakta alinyooka. Jina lilikuwa tayari, alisema. Amekwisha kumwahidi mwalimu wake, mzee mmoja wa Ulaya, mtu mkubwa sana. Mnong'ono. "Mwali anauliza: huyo mzee kapata kulivaa?"

"Hajapata hata kuliona."

"Basi mwali amelivaa. Liitwe Mwajuma, au libaki hapa lilipo."

Nilimtazama Dakta. Alikuwa amemwahidi mzee wake kwa mdomo na kwa miaka. Akatazama pazia, akatazama saa, na nadhani aliliona lile ua likinyauka taratibu kwenye joto la mtoto wa watu. "Liitwe Mwajuma," akasema. Nyuma yetu sauti ya Saidi ikasema kwamba jina la mkewe likitaka kwenda Ulaya na liende, mradi mwenyewe anabaki Temeke.

Ua likaletwa kwenye kisahani, limefunikwa kwa kisahani kingine. Lilikuwa na tundu la sindano na liling'aa kwa marashi. Dakta akalilaza kwenye karatasi, kisha akainama akalinusa, na nikaona macho yakimtoka. "Linanukia!"

"Ni marashi, Dakta," nikasema. "Na udi."

"Mie ndiye niliyelimiminia," akasema Bi. Zuhura. "Lenyewe halikuwa na harufu hata ya maji."

"Ubaridi wa bafu uliizuia harufu," akasema Dakta. "Joto la mwili limeiamsha. Ninayo pua yangu." Na hakuna mtu, si mimi wala balozi wa nyumba kumi, aliyeweza kumtoa hapo. Nasikia mpaka leo wataalamu wanaoupanda Uluguru wakikiona kimea kingine kama kile huinama, wakanusa, wakanusa tena, wakashuka wamenuna, kila mmoja akidhani ana mafua.

Mimi sikwenda kwenye mikorosho. Dakta aliporudi kutoka Ulaya, mmea ulikuwa umekubaliwa kwamba ni mpya, umeandikwa kwa Kilatini, na jina lake la pili lilikuwa mwajumae. Bi. Zuhura aliitisha nyumba nzima uani ili maelezo yasomwe hadharani, kwa kuwa yanamhusu binti wa balozi. Mwajuma alikuja na mumewe, akakaa kibarazani kukanda unga wa chapati. Nikasimama na karatasi, nikaanza kutafsiri neno kwa neno, maana nilitaka waone kwamba shahada yangu ni ya kweli.

"'Mwajumae. Fupi. Shina nene, limejaa maji.'"

"Nani mnene?" akauliza Saidi.

"'Ina manyoya pande zote mbili.'"

"Manyoya!" akasema Bi. Zuhura. "Mwanangu?" Mnali alikuwa amekwisha kulala chini, anapigapiga ardhi.

"'Kwa chini ni nyekundu. Haisimami, hutambaa. Hupenda giza na mahali palipoloa.'" Saidi alianza kuinuka, na mabega yake yote. Nikaharakisha. "'Ua ni moja, jeupe, koo la zambarau. Harufu yake ni nzuri mno, kama waridi na udi, na huzidi kadiri joto linavyozidi.'"

Mnali akainua kichwa. Saidi akamtazama mkewe, akakaa. Mwajuma hakuinua uso, lakini mikono yake ilikuwa imeacha kukanda.

"Hapo pa harufu," akasema, "hebu parudie."